Picha Isiyo na Mkia

Kinyozini, 4 Februari

Mdogo wangu, Profesa wa ukoo mzima,

Bahasha imefika. Imefika imekunjika kona moja, nadhani mtu wa posta aliikalia, lakini picha ni nzima. Niliifungua mbele ya wateja, makusudi kabisa. Yule mwalimu wetu mstaafu alikuwa kitini na povu shavuni, akaniuliza, "Hiki nini tena, kolifulawa?" Nikamwambia, "Heshima kidogo, mwalimu. Hiyo unayoiona ni protini, na imetoka kwenye damu yangu." Akanyamaza. Wewe uliyesoma kwake unajua mwalimu kunyamaza ni tukio la kutangazwa redioni.

Nimeitundika juu ya kioo kikubwa, pale palipokuwa na kalenda. Kila anayekaa kitini anajiona yeye chini na protini yangu juu. Wakiuliza, nawaeleza. Nawaambia dada yangu ameipiga picha kwa mashine kubwa kama chumba, na hiyo protini ni ndogo mpaka ukiitafuta kwa macho utapofuka bure. Nawaambia huyu ndiye anayewasha moto kwenye miili yetu, ndiye aliyemmaliza Mama, homa juu ya homa, tumbo, magoti yanavimba kama mpira, na madaktari wanamuuliza jana ulikula nini. Nawaambia sasa sura yake tunayo, na dawa inachongwa ya kumwingia kama ufunguo. Sijui kama nimeeleza sawasawa, lakini nimeeleza kwa sauti.

Sasa la maana. Chiriku wangu. Umesema majaribio ya hiyo dawa kwa binadamu yanaandaliwa. Mimi nitoe, homa yangu inakuja mara moja moja, nalala, naamka, nashika mashine yangu nanyoa. Lakini mwanangu imemshika kama ilivyomshika Mama. Anameza vidonge asubuhi na jioni tangu hajui kusoma, na vinamvuruga tumbo mpaka darasani wamempa kiti cha karibu na mlango, awahi kutoka. Msichana wa umri ule, kiti cha mlangoni! Yeye anacheka, anasema ndiye mlinzi wa darasa. Mimi baba yake, kicheko chake nakijua kikiwa na tundu. Nataka awe wa kwanza kuipata hiyo dawa. Damu ni yetu, au siyo?

Jana nilimnyoa. Mpaka leo hatulii. Anasimulia, anageuka, anaonyesha kwa mikono, anacheka na watu wa nje dirishani. Vinyozi wengine hushika kichwa cha mtu kama wameshika jogoo wa kuchinja. Mimi sijawahi. Mimi nakifuata kichwa kinakokwenda. Ndiyo maana nimenyoa mabaharia melini bahari imechafuka, nimenyoa wafungwa, nimenyoa walevi, na waziri mmoja ambaye upara wake ni siri ya serikali, na sijawahi kumtoa mtu damu. Hilo nalo liandikeni kwenye vitabu vyenu.

Usipige simu kwa mambo haya. Simu ya nyumba hii anaishika Chiriku, na ukuta wa kinyozini ndio huo huo wa nyumbani. Andika.

Kaka yako,
Kinyozi wa Mabara Matatu


Maabara, 27 Februari

Kaka,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakanigeukia. Mwambie mwalimu hakukosea sana. Humu ndani mwaka mzima tuliiita kabichi.

Nikueleze vizuri, maana najua utawaeleza wengine. Seli zina namna zaidi ya moja ya kufa. Kuna inayokufa kimya: inajikunja, inajikata vipande vidogo, majirani wanaisafisha, na hakuna anayeumia. Na kuna inayokufa kwa kelele. Hiyo ndiyo ya nyumbani kwetu. Ndani ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni ulinzi. Siku zote imejikunja, imelala. Ikihisi kijidudu kimeingia, inakunjuka, inashikana na wenzake, na wakishashikana wanaamsha protini nyingine zinazotoboa ngozi ya seli. Seli inapasuka na kumwaga vitu vinavyoita majirani wote. Hapo ndipo unapopata joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Kwa mtu mwingine hiyo ni kinga. Kwetu sisi, mlinzi anapiga kengele na mwizi hayupo. Yote ni suala la umbo, Kaka. Ikikunjika hivi, seli inaishi. Ikikunjuka vile, inapasuka.

Usiichukulie ile picha kama picha ya mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni. Mkia wake haumo. Mkia hautulii, unatikisika, na kitu kinachotikisika kwenye mashine yetu kinatoka ukungu. Kwa hiyo tuliukata kabla ya kupiga. Maabara nyingi hufanya hivyo.

Seli tulizozikuza kutoka kwenye damu ya Chiriku zina ubishi kama mwenyewe. Zinajaza kisahani wakati zako bado zinajivuta.

Kuhusu majaribio, mwenye kauli ni mkuu wa maabara na kamati yake, si mimi. Watakaochaguliwa wataambiwa waache kwanza dawa wanazotumia ili mwili usafike, ndipo waanze hiyo mpya, na daktari atasimamia kila hatua. Naomba usiwatangazie watu bado. Msalimie wifi. Mwambie Chiriku namwona kila asubuhi.

Mdogo wako


Kinyozini, 2 Aprili

Profesa,

Kumbe mmemnyoa! Nimecheka mpaka mteja akaniomba nizime mashine kwanza. Mtoto wa nyumbani kwa kinyozi, ameenda kusoma miaka yote ile, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kumnyoa mtu mkia ndipo ampige picha. Nimewaambia hapa: hata protini kabla ya kupiga picha hupitia kwa kinyozi, nyie mnaopigwa picha za kitambulisho na vichwa kama fagio mjifunze.

Hiyo ya mlinzi kupiga kengele na mwizi hayupo nimemsomea wifi yako. Akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Mbona huyo ni wewe." Nikamwambia nimekubali, mradi na mimi umbo langu litundikwe ukutani.

Usiseme nisitangaze. Siri gani ilishawahi kukaa kinyozini? Mtaa mzima unajua Chiriku anaingia kwenye majaribio. Muuza simu wa jirani amemwita "mgonjwa wa kimataifa," na yeye Chiriku anajibu kwa kumpungia mkono kama malkia.

Nakuhakikishia kwamba siku hao wakubwa wako watakapomwita, watamkuta tayari. Mimi meli iliwahi kuniacha bandarini, natazama inavyoondoka na sanduku langu likiwa ndani, kwa sababu nilisubiri kuambiwa ndipo nijiandae. Sitarudia. Mwili usafike, umesema. Basi unasafika. Usiniulize zaidi, mengine ni ya baba na mwanawe.

Na habari njema: tumbo lake limetulia. Kiti cha mlangoni amekirudisha, anakaa katikati ya darasa na wenzake. Homa ilimjia mara moja tu, akaivumilia kama askari.

Kaka yako,
Balozi wa Damu ya Ukoo


Maabara, 11 Juni

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kamati bado inakaa. Kuna mambo kuhusu nani anafaa na nani hafai ambayo hayajaisha, na mengine siwezi kuyaandika. Usimpe Chiriku tarehe yoyote.

Unasema tumbo limetulia. Daktari wake amembadilishia dawa? Nijibu hilo tu, hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako


Kinyozini, 15 Julai

Profesa wangu,

Barua yako fupi kama risiti. Au huko mnalipia maneno?

Daktari mwache na shughuli zake, na kamati iache ikae mpaka ichoke. Mimi nikupe habari za mwili wenyewe. Chiriku amenenepa! Ungemwona usingemjua. Mashavu yamerudi, yamejaa, asubuhi akiamka macho yamefumba kwa unene kama mtoto mchanga. Viatu vya shule vinambana, sasa anavaa vya mama yake. Wifi yako anasema mbona ghafla. Nikamwambia mtoto akipumzishwa sumu ya vidonge lazima atanawiri, nyinyi mmezoea kumwona mifupa. Anachoka kidogo mchana, lakini ni umri huo, mimi pia nilikuwa nalala mpaka Mama ananimwagia maji.

Mwambie mkuu wako mtoto yuko tayari, na kama ana shaka aje anyolewe bure, tuzungumze kiume.

Kaka yako,
Baba wa Mgonjwa wa Kimataifa

Shangazi, ni mimi Chiriku. Baba kanipa barua niipeleke posta, na bahasha haikufungwa vizuri, si kosa langu. Hakukuambia vizuri, kwa hiyo nakuambia. Vidonge niliacha tangu ile barua yako ya kusema mwili usafike. Yeye aliniambia niache, na mimi nilifurahi, usimgombeze peke yake. Lakini nina swali na hapa sina wa kumuuliza. Mkojo wangu unatoka povu, povu kabisa, kama lile la Baba la kunyolea. Miguu nikiibonyeza kidole, shimo linabaki. Ndiyo mwili unavyosafika? Kama ndiyo, sawa, navumilia. Na nikija huko naomba unionyeshe hizo seli zangu. Nataka niziambie nazo zitulie.


Maabara, 3 Agosti

Kaka,

Nilipoyasoma maneno ya Chiriku nilipiga simu, ukanikatia, nikapiga tena, ukakata tena. Nashukuru wifi aliishika na kunisikiliza. Najua mmempeleka hospitali siku ile ile. Najua wamesema ni figo, na wamemrudisha kwenye vidonge.

Kabla hujakata ulinipigia kelele kwamba ni mimi niliyeandika aache dawa. Niliandika watakaochaguliwa. Niliandika daktari. Barua unayo, isome. Miaka yote vile vidonge havikuwa vya kumfurahisha tumbo. Vilikuwa vinawatuliza wale walinzi wasipige kengele. Kengele ikipigwa mfululizo, mwili unatengeneza takataka ambazo zinakwenda kuganda kwenye figo. Za Chiriku zilikuwa zimeshaanza kuchoka kimyakimya, na vidonge ndivyo vilivyokuwa vimeushikilia mlango. Povu la kwenye mkojo ni protini ya damu inayovuja. Yale mashavu uliyonisifia ni maji.

Na sasa nikwambie jambo ambalo hukuliuliza. Chiriku asingechaguliwa. Kosa la ukoo wetu liko kwenye mkia. Kipande kimoja tu, katika ule mkia tulioukata. Dawa ilichongwa kwa kufuata umbo lisilo na mkia, na kwenye seli za watu wengine ilifanya kazi vizuri sana, zilitulia, tukapigiana makofi. Kwenye seli za Chiriku ile dawa iliteleza. Zilipasuka kisahani kizima. Mkuu akasema wenye mkia wa namna hiyo watolewe kwenye majaribio, watafikiriwa baadaye. Hiyo ilikuwa Januari. Nilikuwa kwenye kikao. Sikusema kitu, kwa sababu kwa namna ya kazi yetu alikuwa sahihi.

Ile picha iliyo juu ya kioo chako haikutoka kwenye damu yako. Protini ya pichani tuliitengeneza kwenye chupa, kwa mfano wa mtu asiye na kosa. Sikutaka kukusahihisha mbele ya wateja wako. Nilikutumia kwa sababu jina langu liko chini yake, na Mama hayupo wa kumwonyesha.

Lakini nilikuandikia kwamba mkia haumo. Nilikuandikia waziwazi. Nilitumaini utaniuliza kwa nini, ili nilazimike kukujibu. Wewe ulicheka, ukawachekesha na wateja.

Nataka kuja. Niambie nije lini. Seli zake bado ziko hapa, nazibadilishia chakula mwenyewe kila asubuhi, simwachii mtu mwingine.

Mdogo wako


Kinyozini, 19 Novemba

Mdogo wangu,

Chiriku hatunaye. Siku ile wifi yako alitaka nikupigie, nikamwambia nitaandika. Halafu sikuandika. Sasa naandika.

Figo zilipokataa kabisa walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu, akaizoea haraka. Aliwapa manesi majina ya utani wote, na mmoja, mkali kweli kweli, alimwita Kamati, kwa sababu kila kitu anajibu "bado." Walikuwa wanagombania zamu ya kukaa naye. Nilimpelekea mashine yangu ya kunyolea, nikamnyoa palepale kitandani, anasimulia, anageuka, na ile mirija mkononi, nesi anapiga kelele anataka kumshika kichwa, nikamwambia mwache, huyu mimi namfuata. Nilimfuata vizuri sana siku ile. Sikumgusa hata ngozi.

Baadaye mdudu aliingia kwenye damu kupitia kwenye ule mrija. Siku ya mwisho hakusema kitu. Mtoto aliyekuwa akiongea hata na meza. Nilikaa nasubiri aseme lolote, hata anitukane. Wewe uliniandikia kuna seli inayokufa kimya, majirani wanaisafisha, hakuna anayeumia. Nakuambia mimi niliyeishia shule ya msingi: hapo kwenye hakuna anayeumia, futeni.

Barua zako nimezisoma upya zote. Kweli uliandika daktari. Niliruka hilo neno kama ninavyoruka maneno mengi, nikachukua nililolitaka. Kichupa cha vidonge alivyoviacha kiko kwenye droo ya nyembe, kimejaa, nakiona kila ninapofungua. Kwa hiyo kuhusu mimi usihangaike kuniandikia, najua nilichokifanya, nakifanya upya kila asubuhi.

Lakini na wewe, mtoto wa mama yangu. Uliniambia mkia haumo na hukuniambia mkia ni sisi. Ulinipa kitendawili mimi, mtu ninayecheka kila kitu, mtu ambaye unanijua tangu hujaota meno. Ulitaka nikuulize. Ungesema tu! Ningelia siku moja, ningeiondoa hiyo picha, na mwanangu angemeza vidonge vyake akaendelea kuwa mlinzi wa darasa. Mimi nilimuua kwa kujisifu na wewe ulinisaidia kwa adabu yako.

Picha nimeishusha. Pamebaki alama ya mraba ukutani, nyeupe kuliko pengine, na kalenda haitoshi kuifunika. Wateja hawaulizi. Mwalimu alikuja juzi, akakaa, akasema "ninyoe" basi. Siku hizi nashika vichwa vya watu. Kichwa kikienda siwezi tena kukifuata, kwa hiyo nakishika kwa nguvu kama wenzangu. Hata hivyo nilimkata mwalimu sikioni. Damu ya kwanza tangu nishike kazi hii. Akasema haijauma. Mwongo yule, alimfundisha Chiriku kusoma, angesema nini.

Usije sasa. Sina uso wa kukutazama na sina nguvu ya kukutukana, na hivyo viwili ndivyo ungevikuta.

Kuhusu hizo seli zake. Wifi yako kila akiamka ananiuliza, "Bado zipo?" Namwambia zipo. Anakwenda kufagia. Kesho yake ananiuliza tena. Nilikuandikia uzimwage, nikachana. Nikakuandikia uzitunze, nikachana. Sijui mtu anatakiwa aseme nini juu ya mtoto aliyezikwa huku na kule kwenu anajaza kisahani.

Usizimwage. Zibadilishie chakula, kama ulivyosema, wewe mwenyewe, siyo mtu mwingine. Na siku mkitaka tena kuipiga picha hiyo protini, ipigeni ya kwake, na mkia wake ukiwemo. Najua itatoka ukungu. Itoke. Mwambie huyo mkuu wako asimshike kichwa. Mwacheni atikisike.

Baba Chiriku